Dakika Kumi Baada ya Kelele za "Mwizi!": Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Tanga

Kwa:
Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga,
Mstahiki Meya na Mkurugenzi wa Jiji,
Kamanda wa Polisi wa Mkoa,
Mganga Mfawidhi, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Bombo,
Wenyeviti wa mitaa na watendaji wa kata zote za Jiji la Tanga.

YAH: KUZUIA MAUAJI YA KUNDI NA KUWAHUDUMIA WALIOPIGWA

Waheshimiwa,

Kila mmoja wenu ameshasoma, au ameshatia saini, taarifa yenye maneno haya: "ameuawa na wananchi wenye hasira kali." Tunaanza na maneno hayo kwa sababu nayo ni sehemu ya tatizo. Taarifa ikisema fulani kauawa na jambazi, jambazi hutafutwa. Ikisema kauawa na wananchi wenye hasira kali, hakuna anayetafutwa. Ni kama kusema kapigwa na radi. Aliyeshika tofali hana jina, aliyeleta petroli hana jina, na marehemu naye mara nyingi huzikwa bila sifa nyingine zaidi ya "anayesadikiwa kuwa mwizi". Afande Kamanda, ombi letu la kwanza halina gharama hata ya shilingi: maneno hayo yaondoke kwenye taarifa za polisi mkoani kwetu. Iandikwe kwamba mtu ameuawa na watu wanaotafutwa, kisha watu hao watafutwe.

Ombi kubwa la barua hii ni jingine. Tunaomba nguvu, fedha na mafunzo yenu vielekezwe kwenye muda mfupi ulio kati ya kelele za "Mwizi!" na kufika kwa gari la polisi. Tunauita dakika kumi. Wakati mwingine ni tano, wakati mwingine ishirini. Mtu hufa au hupona ndani ya muda huo, na ndio muda ambao hakuna ofisi yoyote iliyoupangia kazi.

Chukueni mchana wa kawaida Soko la Mgandini. Mama anayenunua nyanya anahisi mkoba umevutwa, anapiga yowe. Kijana anakimbia, wawili wanamfukuza. Hao wawili pengine ndio pekee walioona kitu, na hata wao wameona mgongo tu. Anakamatwa karibu na maduka ya vyombo, anapigwa makofi mawili matatu, mkoba unapatikana. Hapo jambo lingeweza kuisha. Lakini yowe limeshasafiri. Wanakuja vijana wa kijiwe cha bodaboda cha ng'ambo ya barabara, wanakuja wapita njia, na kila anayefika anauliza, "Kafanya nini?" Anayemjibu naye hakuona, anajibu alichosikia, na kisa kinanenepa: mkoba umekuwa simu, simu imekuwa pikipiki, pikipiki imekuwa mtoto aliyechomwa kisu. Mtu wa hamsini kufika amebeba kisa kizito kuliko wote, na ndiye aliyeona kidogo kuliko wote. Mara nyingi tofali la kwanza hutoka kwenye mkono wa aliyechelewa.

Ndani ya mkusanyiko huo kuna tabaka. Katikati wapo wapigaji, na siku zote ni wachache kuliko mtu anavyodhani akiwa nje ya duara. Nyuma yao wapo wanaopaza sauti: "Choma huyo!" Kisha wapo walio wengi, wamesimama, baadhi wameinua simu wanarekodi. Hao wa nje hawapigi, lakini miili yao ndiyo ukuta unaomzuia aliye chini asitoke, na ukimya wao ndio ruhusa ya walio katikati. Mpigaji akigeuza shingo anaona nyuso mia hazijamkataza.

Kwa nini hawakatazi? Mwaka 1968 watafiti wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, walimweka mwanafunzi chumbani peke yake akizungumza na wenzake kwa kipaza sauti, kisha mmoja wa wenzake akasikika ameshikwa na kifafa. Walioamini kwamba hakuna mwingine anayesikia, asilimia 85 walitoka kuomba msaada kabla sauti haijakatika. Walioamini kwamba wapo wengine wanne wanaosikia, ni asilimia 31 tu. Jukumu la wote huwa halina mwenyewe. Kila mtu sokoni anafikiri polisi wameshapigiwa.

Hata hivyo kuna ushahidi mwingine unaotupa moyo. Watafiti waliopitia video za kamera za mitaani katika miji ya Amsterdam, Lancaster na Cape Town walichunguza magomvi 219. Katika kila magomvi kumi, kiasi cha tisa yalikuwa na angalau mtazamaji mmoja aliyeingilia kutuliza, na kadiri watu walivyokuwa wengi ndivyo ilivyoelekea zaidi kwamba mmoja wao atajitokeza. Watu wa kuingilia wapo, basi, na wapo Ngamiani, Makorora, Mabawa na Kange. Wanachokosa ni kujua waseme nini, wasimame vipi, na wampeleke mtu wapi.

Kosa la kwanza, tena la hatari, ni kusema, "Mwacheni, huyu si mwizi!" Jibu lake linajulikana: "Mwenzake huyu!" Muamuzi anageuka mtuhumiwa wa pili. Katika dakika zile, hatia ya mtu haijadiliwi kabisa. Linalofaa ni kulipatia kundi kazi nyingine, na sababu inayolingana na hasira yake. "Asife huyu, atutajie wenzake!" "Mali yetu iko wapi? Maiti haisemi!" "Twende naye kwa mwenyekiti!" Hasira haizimwi ghafla, lakini inaweza kuongozwa itembee, na kundi linalotembea hupiga kidogo kuliko kundi lililosimama.

La pili ni kurudisha majina. Mtu akiwa katikati ya wengi hujisahau kwamba yeye ni fulani, baba wa fulani, na kesho atakuwepo palepale. Muite. Kama humjui, muite kwa anavyoonekana: "Kaka mwenye jezi ya Coastal, shika mkono huu." "Mzee wangu wa kanzu, simama hapa mbele yangu." Maneno ya jumla kama "Jamani acheni!" hayamgusi yeyote, amri ndogo kwa mtu mmoja humtoa kwenye ukuta na kumfanya mlinzi. Na aliyeibiwa asukumwe mbele aseme. Yule mama akisema kwa sauti, "Mkoba wangu nimeupata, sitaki damu yake," hakuna mpigaji mwenye haki ya kudai kwamba anamtetea. Mara nyingi yeye ndiye husahaulika wa kwanza. Amebaki pembeni anatetemeka, wengine wanaua kwa jina lake.

Watu watano wanatosha kuanza. Watatu wanamzunguka aliye chini, migongo kwake, nyuso kwa watu, viganja wazi usawa wa kifua. Ngumi zilizokunjwa huita ngumi. Mwanamke mtu mzima au mzee anayeheshimika akiwa mmoja wa watatu hao, kazi inakuwa nyepesi, kwa sababu kijana wa mtaani atasita kumsukuma Bi Mkubwa. Wa nne kazi yake ni vitu: anaondoa tairi, anazuia chupa za petroli ya rejareja zisitoke mezani kwa muuzaji, anamwambia mama lishe aingize ndani sufuria la maji ya moto. Wa tano anapiga simu. Watatu hawa wasisimame muda mrefu. Mara tu mtu akiweza kuinuliwa, wanaanza kutembea naye kuelekea mahali palipoandaliwa.

Mahali hapo ndipo mipango mingi huvunjikia. Ofisi ya serikali ya mtaa yenye mlango mmoja na dirisha la vioo ni mtego. Kundi litafuata, vioo vitavunjwa, na mwenyekiti mwenyewe atajikuta amefungiwa ndani na mtuhumiwa. Chumba kinachofaa kina mlango wa nondo mbele, mlango wa pili wa nyuma unaotokea uchochoro mwingine, funguo mbili kwa watu wawili tofauti, na hakiko zaidi ya mita 200 kutoka penye msongamano. Ghala la duka kubwa linaweza kufaa kuliko ofisi. Kusiwe na bango la kukitangaza. Mtu asikae humo zaidi ya dakika chache. Akiingia mbele, bajaji inamngoja nyuma. Mstahiki Meya, Mkurugenzi: kila soko na kila stendi ya jiji inaweza kupata chumba kama hicho kwa gharama ya mlango mmoja na fundi wa kuchomelea.

Mafunzo ya mambo haya hayazidi nusu siku, na darasa lisizidi watu 25. Yafanyike palepale kijiweni au sokoni, kwa mazoezi ya kweli yenye makelele, kwa sababu mtu aliyefundishwa ukumbini kwa maneno hukosa sauti siku ya tukio. Wafundishwe viongozi wa vijiwe vya bodaboda na bajaji, walinzi wa masoko, makondakta, mama lishe na wabeba mizigo. Hao ndio wanaofika kabla ya mtu yeyote mwenye sare. Yarudiwe kila miezi sita, maana vijana wa vijiweni huhama.

Simu nayo ina namna yake. Namba ya dharura ya polisi ni 112, lakini anayepiga husema, "Kuna fujo Ngamiani," na askari wa zamu anaweka ujumbe huo pamoja na fujo nyingine za siku. Aseme hivi: "Ngamiani, Barabara ya 12. Mtu anapigwa, watu kama hamsini, wana matofali, tairi limeletwa, bado anapumua." Ngamiani tuna bahati ya barabara zenye namba, mitaa isiyo nazo, kila kijiwe kiwe na alama yake moja iliyokubaliwa na kituo cha polisi, iandikwe pembeni ya namba ya simu ya askari kata. Yule wa tano asikate simu mpaka askari ayarudie aliyoambiwa.

Afande Kamanda, na gari likifika kuna makosa yanayojirudia. Risasi ya hewani ikipigwa gari likiwa mbali, watu wanatawanyika kwa kukanyagana, na anayekanyagwa zaidi ni aliyelala chini. Gari lifike karibu kabisa, askari wazunguke kwanza, ndipo watu wasogezwe. Majeruhi asitupwe sakafuni pa gari chini ya buti. Alazwe juu ya ubao, hata mlango wa kibanda uliong'olewa, kichwa na shingo vikishikwa visigeuke. Asipandishwe mshikaki kwenye pikipiki katikati ya watu wawili. Shingo iliyovunjika husafiri vibaya namna hiyo, na mtu aliyekuwa anahisi miguu yake anafika hospitali haihisi. Na safari iwe ya hospitali kabla ya kituo, hata kama anatembea, hata kama anaongea, hata kama mkoba ulikutwa mkononi mwake.

Tunalitilia mkazo hili la "hata kama anatembea" kwa sababu kuna kifo ambacho wengi hawakijui. Mtu aliyepigwa kwa fimbo, nyaya na mateke kwa muda mrefu anaweza asiwe na mfupa uliovunjika wala jeraha la kushona. Lakini misuli yake imepondwa: mapaja, mgongo, makalio, mabega. Misuli iliyopondwa humwaga ndani ya damu vitu viwili vyenye madhara. Kimoja ni mayoglobini, ambayo hukwama kwenye figo na kuziziba. Kingine ni potasiamu, ambayo ikizidi huweza kusimamisha moyo ghafla. Mtu anapelekwa mahabusu, anaomba maji, anasema anaumwa mwili mzima, usiku anakojoa kidogo na mkojo una rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Siku ya pili hakojoi. Siku ya tatu wenzake wanagonga mlango kwamba haamki. Ndugu watasema kauawa kituoni, askari watasema aliletwa mzima, na huenda kila upande unasema kweli ya ulichokiona.

Kumgundua mtu huyo hakuhitaji mashine kubwa. Kijiti cha kupimia mkojo, ambacho hata zahanati nyingi huwa nacho, kitaonyesha damu. Lakini mkojo huohuo ukitazamwa kwa hadubini, chembe nyekundu hazionekani au ni chache mno. Hiyo ni mayoglobini. Tiba yake ya mwanzo ni dripu ya maji ya chumvi, mapema na kwa wingi: kwa mtu mzima mwenye moyo mzima, kiasi cha lita 1 kwa saa mwanzoni, huku mkojo ukipimwa kila saa ili dripu iongezwe au ipunguzwe. Dripu zenye potasiamu ziepukwe. Na sindano ya diklofenaki, ambayo ndiyo ya kwanza kukimbiliwa mtu akilia maumivu, isitolewe, kwa sababu huzidi kuziumiza figo. Paracetamol, au dawa kali za maumivu zisizogusa figo, zinafaa zaidi. Daktari Mganga Mfawidhi, haya si mageni kwenu. Ombi letu ni kwamba yaandikwe ukurasa mmoja, yabandikwe chumba cha dharura Bombo na katika kila kituo cha afya na zahanati ya jiji, chini ya kichwa "Aliyepigwa na kundi", ili mhudumu wa zamu ya usiku asihitaji kukumbuka.

Kichwani nako kuna mtego. Aliyepigwa kichwani anaweza kuzinduka, akaongea vizuri, kisha baada ya saa kadhaa akaanza kutapika mara kwa mara, kuchanganya maneno na kusinzia. Damu inavuja polepole ndani ya fuvu. Mahabusu atasemwa kalewa, au kachoka, aachwe alale. Aangaliwe saa 24, aamshwe na kuulizwa jina lake, mboni za macho zilinganishwe. Mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, kila dakika ina thamani. Tumbo likiwa gumu na mtu anazidi kupauka, fikirieni kwamba bandama au ini limepasuka.

Kwa walioko barabarani kabla hajafika hospitali: damu inayotoka ibanwe kwa kanga safi iliyokunjwa, kwa nguvu, dakika 10 bila kufunua kuchungulia. Asiye na fahamu lakini anapumua alazwe ubavu, kichwa na mwili vikigeuzwa pamoja. Asimwagiwe maji usoni wala kunyweshwa chochote. Aliyechomwa moto apoozwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta na majivu huongeza kidonda.

Kuhusu PF3, fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali, tutasema kwa ufupi: ina kazi yake mahakamani na tunaiheshimu, ila mtu anayevuja damu atibiwe kwanza, fomu imfuate kitandani. Askari anaweza kuja nayo wodini.

Sasa uvumi. Sisi watu wa pwani tunaijua hofu ya mumiani tangu enzi za babu zetu. Jina limebadilika, leo ni watekaji wa watoto, lakini mwendo wake ni uleule. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, watafiti wawili wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa na wanakijiji waliowadhania wanyonya damu. Walikuwa wamekuja kuchukua sampuli za udongo. Nchini India, mwaka 2018, uvumi wa wezi wa watoto uliosambazwa kwa simu uliua watu katika majimbo mbalimbali, mpaka WhatsApp ikapunguza idadi ya mazungumzo ambayo mtu anaweza kuyasambazia ujumbe kwa mara moja, ikabaki matano.

Uvumi hujibiwa kwa njia ileile uliyopita. Sauti iliyorekodiwa ikizunguka kwamba mtoto katekwa Duga, mwenyekiti wa mtaa husika arekodi ya kwake ndani ya saa mbili, aanze na lililo kweli: "Nimefika shuleni, watoto wote wamehesabiwa na mwalimu mkuu, wapo." Asianze kwa kuurudia uvumi, maana wengi husikiliza sekunde za mwanzo tu. Kusubiri tamko rasmi la kesho ni kuwaachia wavumi usiku mzima. Na mgeni yeyote anayekuja kikazi mtaani, awe mpima ardhi, mhesabu watu au mtu wa chanjo, taarifa yake ifike kwa mabalozi wa nyumba kumi siku moja kabla. Barua ya utambulisho iliyoko kwenye faili la kata haimsaidii mtu aliyezungukwa.

Wapo pia watu ambao hawawezi kujieleza, na kundi huchukulia ukimya kuwa hatia. Kiziwi. Mgonjwa wa akili aliyefungua geti la watu saa kumi alfajiri. Mtu aliyetoka kushikwa na kifafa, ambaye kwa dakika kadhaa hajui yuko wapi. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imeshuka, anayumba na kuongea kama mlevi. Katika mafunzo, swali la kwanza la muamuzi liwe: je, anajibu anapoulizwa jina lake? Asiyejibu ni mgonjwa mpaka ijulikane vinginevyo. Na dereva aliyegonga mtoto barabarani alindwe na kijiwe. Leo madereva hukimbilia kituo cha polisi kwa kuhofia kipigo, na mtoto anabaki kwenye lami na gari la kumwahisha Bombo limeshaondoka.

Tunajua mtajibiwa nini huko mitaani: "Ukimpeleka polisi, kesho unapishana naye." Kauli hii haiwezi kupuuzwa, kwa sababu ndiyo inayompa mpigaji utulivu wa moyo. Sehemu yake ni kutojua: kwa makosa mengi dhamana ni haki, na mtu aliyeko nje kwa dhamana bado ana kesi. Sehemu yake ni kweli: mlalamikaji anachukua RB, yaani namba ya taarifa yake kituoni, na hasikii tena chochote, shahidi anaitwa mara nne na kila mara shauri linaahirishwa, anapoteza vibarua vya siku nne, ya tano haendi, na kesi inafutwa kwa kukosa ushahidi. Kinachoweza kufanyika mwezi huu ni kidogo lakini kinaonekana. Kila mwenye RB apate ujumbe wa simu ndani ya siku saba ukimwambia shauri lake limefika wapi. Na kila mwisho wa mwezi karatasi moja ibandikwe ofisi ya mtaa, bila majina ya watu: mashauri yaliyoripotiwa, waliokamatwa, yaliyofika mahakamani, yaliyokwisha na yalivyokwisha.

Sheria yenyewe iko wazi. Katiba, ibara ya 14, inampa kila mtu haki ya kuishi, na ibara ya 13(6)(b) inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Raia anaruhusiwa kumkamata mtu anayetenda kosa mbele yake, mradi amkabidhi polisi bila kuchelewa. Lisilojulikana vijiweni ni nia ya pamoja: mtu akifa mikononi mwa watu kumi waliokuwa na lengo moja la kumdhuru, wote kumi wanaweza kushtakiwa kwa mauaji, hata kama tofali lililoua lilikuwa moja. Lisemwe kwenye kila mkutano wa mtaa, kwa maneno hayohayo mepesi.

Tumalizie na aliyebaki hai, kwa sababu yeye huwa hana fungu. Akishatoka hospitali, na hata ikidhihirika kwamba alifananishwa, mtaani amebaki kuwa "yule mwizi". Kazi hapati, watoto wake wanaitwa hivyo shuleni, familia inahama usiku. Tunaomba kila anayebainika kuwa hakuwa na kosa, mwenyekiti wa mtaa alitangaze hilo hadharani, mkutanoni na kwa kipaza sauti, mahali palepale alipopigiwa, kama yeye mwenyewe akiridhia. Watoto walioshuhudia wasiachwe: mwalimu wa ushauri wa shule ya jirani aitwe wiki hiyohiyo, azungumze na wanaoshtuka usingizini, wanaokojoa kitandani na wanaocheza mchezo wa "kumchoma mwizi". Na damu ifukiwe siku hiyohiyo, mara tu polisi wakishamaliza kuchukua vielelezo. Tumeona sehemu ambazo doa limeachwa wiki nzima na watu wanalionyesha kwa vidole.

Tunapendekeza muanze na sehemu tatu, kwa miezi sita: stendi ya Kange, Soko la Mgandini na Makorora. Kila sehemu iwe na watu 25 waliofunzwa, chumba kimoja chenye milango miwili, na daftari moja lenye safu tano: saa ya kelele, saa ya simu, saa polisi walipofika, hali ya mtu alipokabidhiwa, na hali yake baada ya siku tatu. Safu ya mwisho isiachwe wazi. Daftari lisomwe kila mwezi mbele ya kamati ya ulinzi na usalama, na nakala ibandikwe penye ile karatasi ya RB. Sisi tuko tayari kuja kwa mazoezi ya kwanza siku yoyote mtakayoitaja, asubuhi kabla soko halijachangamka.

Wenu katika kulijenga jiji,
Wakazi wa Tanga